Kachumbari Iliyowalaza Wageni Wangu

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kabla wengine hawajausimulia vibaya kuliko ulivyokuwa. Jumapili moja ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imelala hadi kwenye madirisha ya ghorofa ya chini, nilisimama jikoni kwangu Hallonbergen, huku Uswidi, nikachanganya kachumbari ya wageni kwa mkono mtupu, wakati jana yake mchana kutwa nilikuwa nimekumbatia choo nikitapika. Nilijiona nimepona. Tumbo lilikuwa limetulia, njaa imerudi, na nilikuwa nimepaka mikono sanitaiza mara mbili. Nikajiambia, hapa hata daktari wa upasuaji asingekuwa msafi kuliko mimi.

Kachumbari yangu huwa naichanganya kwa mkono kwa sababu naamini kijiko hakijui chumvi. Nyanya unaziminya kidogo, kitunguu unakifikicha, pilipili unaizungusha tu isije ikakasirika. Sifa niliyo nayo duniani ni hiyo moja. Sina gari, sina shahada, Kiswidi changu kinachechemea, na shuleni niliishia kidato cha nne nikiwa nimepata alama ya Biolojia ambayo mama yangu aliifungia kabatini. Kachumbari ndiyo cheo changu.

Sasa nieleze habari ya sanitaiza, maana ndiyo iliyonipa kiburi. Nyumbani kwetu Kigoma mgeni hali mpaka anawishwe mikono: mtu anamjia na jagi la maji ya uvuguvugu, beseni chini, sabuni pembeni. Hapa Hallonbergen nilikuwa nimeuendeleza utaratibu huo miaka mingi, na kazi ya kunawisha ilikuwa ya binti yangu. Alipokuwa mdogo aliipenda. Alipofika umri wa kuvaa vipokea sauti masikioni kutwa nzima, akaniambia kwa Kiswidi, lugha anayoitumia kila anapotaka kunishinda, kwamba yeye si mtumishi wa hotelini, na kwamba watu wazima wana miguu ya kuwafikisha kwenye sinki. Tukavutana juu ya jambo hilo wiki kadhaa. Mwisho nikaona njia ya kumaliza ugomvi bila kushindwa: nikanunua kile kimashine ambacho ukikiwekea kiganja chini kinatema jeli chenyewe. Nikakiweka juu ya kimeza karibu na mlango. Jagi na beseni nikavipeleka stoo ya chini ya jengo, nikarudi juu nikijiona mtu wa karne hii.

Mke wangu alikitazama kile kimashine akavuta mdomo. Yeye anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, na kazini kwao habari za vijidudu wanazizungumza kama sisi tunavyozungumza habari za mpira.

"Hiki si kibaya," alisema, "ila kisikufanye ukasahau sabuni."

"Sabuni ni ya zamani, mke wangu."

"Na wewe je?"

Mimi ni mtu wa ndani. Wengine husema nyumba yao ni gereza. Mimi yangu nikiiacha saa moja naikumbuka. Kutoka nje wakati wa baridi, kuvaa vitu vinne mwilini na viwili miguuni ili ukamtazame mtu mwingine aliyevaa hivyo hivyo, sijawahi kuona faida yake. Ndiyo maana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, watu walikuwa wakija kwangu. Mzee Mrundi anatoka Fisksätra, anabadilisha treni na kulalamika njia nzima. Dereva wa basi, Mkenya, anatoka Jakobsberg na mkewe. Wakongomani wa jengo letu wanashuka au kupanda ngazi. Na kwenye mlango unaotazamana na wangu yuko mama mmoja wa Uvira, Kongo, ambaye mimi na yeye tumekulia kando ya ziwa moja, kila mtu upande wake, na tumekuja kukutana kwenye ngazi za saruji huku Uswidi. Tunakula ugali, maharage, samaki, tunataniana mpaka jioni. Siku hiyo moja ndiyo inayonitosha mwezi mzima. Wasipokuja wao, mimi sionani na mtu.

Basi Jumapili ile wakaja. Kila mmoja akaweka kiganja chini ya kimashine, kikatema jeli, wakacheka, wakasugua, wakaketi. Kachumbari ikazunguka meza. Wote waliisifu. Mzee wa Fisksätra aliongeza mara tatu. Mke wangu alirudi kutoka kazini alasiri akamalizia iliyobaki kwenye bakuli, akiwa amesimama, bado hajavua hata koti. Mtu pekee aliyeikataa ni yule mama wa Uvira, na huyo huikataa kila mara.

"Onja hata kidogo, mama," nilimwambia.

"Papa, mi siko mbuzi. Majani mbichi minaachia banyama."

Akala samaki wake, maharage yake, ugali wake, akaondoka.

Jumatatu jioni simu ikaanza kulia. Kwanza mke wa dereva aliandika kwenye grupu letu kwamba leo hajisikii vizuri. Halafu dereva mwenyewe akatuma picha ya ndoo, bila maneno. Halafu mtu wa ghorofa ya tatu akauliza kama kuna mwenye dawa ya tumbo, na wa ghorofa ya tano akamjibu kwamba dawa anaitafuta na yeye. Nilikuwa naanza kuandika "Poleni sana, ni hali ya hewa" ndipo niliposikia mke wangu anakimbia kuelekea chooni, na binti yangu, nyuma yake, anagonga mlango wa choo hicho hicho akimsihi mama yake kwa Kiswahili safi kabisa. Sijamsikia akiongea Kiswahili kizuri namna ile tangu darasa la kwanza.

Mimi nilikuwa mzima kama ng'ombe. Hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Nilipita na ndoo na taulo kama nahodha ambaye meli yake imezama lakini yeye hajalowa hata soksi.

Kesho yake mke wangu akaweza kuketi kitandani. Uso wake ulikuwa na rangi ya uji usio na sukari. Akaniuliza taratibu, "Jumamosi nilipokuwa kazini, uliniambia tumbo linakusumbua kidogo. Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Ulitapika?"

Nikaanza kukunja taulo. Akafumba macho.

"Na Jumapili ukaingiza mkono kwenye kachumbari."

"Nilipaka sanitaiza! Mara mbili!"

Akacheka, akajishika tumbo, akacheka tena. Kisha akanieleza, na alivyonieleza ndivyo nami ninavyowaeleza watu leo kama vile nilivumbua mwenyewe. Ugonjwa huu wa kutapika wa majira ya baridi huletwa na kirusi, na kirusi hicho spiriti iliyo kwenye sanitaiza haikitishi sana. Unakipaka jeli, kinaoga, kinaendelea na safari. Kinachokiondoa mikononi ni sabuni na maji yanayotiririka na kusugua, kati ya vidole, chini ya kucha, pole pole, halafu kinakwenda na maji. Na mtu aliyetapika, hata akijiona mzima, bado anakibeba. Hatakiwi kugusa chakula cha wengine mpaka zipite siku mbili nzima tangu apone. Maharage yangu yalichemka, samaki alikaangwa, hivyo havikuwa na neno. Kachumbari haikupita motoni. Ilipita mikononi mwangu tu.

Shuleni mwalimu alituchoresha bakteria, mimi nikachora kitu kama andazi lenye mkia, na kirusi nikakichora kama andazi lisilo na mkia. Hakuna aliyenieleza kwamba yale maandazi mawili hayauawi kwa dawa moja.

"Sasa mimi siwezi kwenda kazini," alisema mke wangu, na hapo hakucheka. "Wazee wangu wakiupata huu, si mchezo. Kuna mmoja hana nguvu hata ya kunyanyua kikombe."

Hapo ndipo nilipoona haya ya kweli. Nikaenda jikoni nikaosha kile ambacho kilikwisha oshwa.

Kwenye grupu sikupata nafasi ya kujitetea, kwa sababu mke wangu alichukua simu yake, akiwa bado amelala, akawaandikia wote: kwamba aliyewalaza ni mumewe, kwamba kirusi kilitoka mikononi mwake, kwamba wanywe maji kidogo kidogo, waoshe vyoo kwa klorini, na wasikaribie watoto wachanga wala wazee mpaka zipite siku mbili baada ya kupona. Chini yake akaweka uso unaocheka machozi. Ndoa ni jambo zuri.

Majibu yalikuja kwa wingi. Dereva wa Jakobsberg alituma sauti, na nyuma yake alisikika mkewe akiguna: "Boss, mimi nimeendesha basi miaka yote hii, sijawahi kuona abiria wote wakishuka kituo kimoja. Wewe umetushusha choo." Mzee wa Fisksätra aliandika sentensi moja tu: "Nilikula mara tatu."

Tulipokwisha kucheka, dereva akaleta hoja. Kuanzia sasa, alisema, tuwe tunakutana Jakobsberg. Pale karibu na kituo cha treni kuna ukumbi mdogo wa kukodi, kila mtu anunue mkate wake uliofungwa, tunywe kahawa kama Waswidi, tumalize, kila mtu arudi kwake na tumbo lake. Wakaanza kuweka dole gumba, moja baada ya jingine. Niliyahesabu yakipanda kama mtu anayetazama kina cha maji.

Sikukasirishwa na mkate. Nilijijua tu. Nilijua mara ya kwanza ningekwenda Jakobsberg, kwa heshima. Ya pili ningesema nina mafua. Ya tatu wangezoea kwamba sipo. Hivyo ndivyo mtu wa ndani anavyopotea mjini huku: hakuna anayemfukuza, ni yeye tu anayekosa kutoka, na mlango wake unasahaulika. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Nipeni mara moja tu. Mwezi wa tatu. Tumbo la mtu mmoja likinguruma, mimi mwenyewe ndiye nitakayelipia ukumbi wa Jakobsberg, na nitakuja kwa miguu."

Dereva akajibu, "Kwa miguu? Wewe? Hiyo lazima tuione." Wakakubali.

Mwezi ule niliishi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilishuka stoo nikalirudisha jagi na beseni, nikavisugua mpaka vikang'aa. Nikajifunza kunawa. Naam, nikiwa na umri huu, mke wangu alinisimamisha kwenye sinki akanisahihisha kama mtoto: "Kidole gumba umekisahau. Hapo nyuma ya mkono. Rudia." Akaniambia pia kwamba lile taulo moja zuri, lililotariziwa, ambalo wageni wote hujifutia, linafuta usafi wote wa mgeni wa kwanza na kumpelekea mgeni wa mwisho. Nikanunua karatasi za kujifutia. Taulo likaenda likizo.

Jambo moja tulipishana. Yeye alitaka kachumbari isiwepo.

"Wape kabichi ya kupika," alisema.

"Nikitoa kabichi ya kupika nimekiri kwamba nimeshindwa."

"Umekwisha kiri, nilikuandikia mimi."

"Ndiyo maana nataka nijitetee."

"Basi uchanganye kwa kijiko," akasema. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na wanaume wengine wamelipa kidogo kuliko hiyo katika mikataba ya amani.

Jumapili yenyewe ilifika na jua la mwezi wa tatu, lile linalowadanganya watu wakae nje wakiwa wamevaa makoti. Tumbo langu lilikuwa zima wiki nzima. Mke wangu alinihoji kila asubuhi kabla ya kunisalimia. Wageni walipogonga, walinikuta mlangoni nimesimama na aproni, jagi mkono wa kulia, sabuni mkono wa kushoto, beseni juu ya kigoda. Kimashine hakikuwepo. Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, tayari kuona baba yake akijiaibisha, kazi anayoipenda kuliko masomo.

Kwanza nikanawa mwenyewe mbele yao wote, yeye binti akinimiminia maji kwa kusihiwa na mama yake. Nikasugua kati ya vidole, kucha, gumba, nyuma ya mkono. Dereva akasema, "Jamani, huyu anajiandaa kutupika au kutupasua?"

Kisha nikachukua jagi nikamgeukia mzee wa Fisksätra, kwa sababu ni mkubwa kuliko sote. Akarudisha mikono nyuma.

"Hapana, mwanangu. Mwenye nyumba hawezi kuninawisha mimi. Kazi hiyo ni ya watoto."

"Mzee, watoto hawakukulaza. Lete mikono."

Akasita. Nikainama na jagi. Akaitoa mikono, mikubwa, yenye makovu ya jembe, nikaimiminia maji ya uvuguvugu. Akapokea sabuni akasugua kwa makini, kama mtu aliyepewa heshima asiyoizoea, na nilipomwongezea maji ya kusuuzia akasema, kwa sauti ya chini, "Tangu marehemu mama yangu, hakuna mkubwa aliyeninawisha." Akajifuta kwa karatasi, akaketi. Baada yake hakuna aliyekataa. Nikawanawisha wote, mmoja mmoja, dereva akiwa ananiambia niongeze maji ya moto, mkewe akimwambia anyamaze. Mgongo uliniuma, lakini nafasi ile nisingebadilishana na mtu.

Tulipokaa mezani, chakula kikaanza kuliwa. Ugali, maharage, samaki. Kachumbari ilikuwa katikati, nyekundu, inang'aa, na hakuna aliyeigusa. Watu waliipitia na mikono yao kama wanaovuka barabara penye mbwa. Mke wangu alitazama sahani yake ili asinicheke. Nikajihisi natoka jasho chini ya aproni.

"Imechanganywa kwa kijiko," nikasema.

Ndipo mzee wa Fisksätra akalivuta bakuli kwake.

"Nyinyi watoto," akasema, "mimi kule kambi ya wakimbizi nilikunywa mchuzi nikiwa sijui kinachoelea ni mboga au ni mguu wa meza. Mnaogopa nyanya?" Akajipakulia, akala, akatafuna kwa muda mrefu kuliko nyanya inavyohitaji. Sote tukawa tunamtazama koo. Akameza. "Ya mkono ilikuwa tamu zaidi," akasema, "lakini hii itaniacha nilale." Akaongeza. Dereva akapokea bakuli. Mkewe akapokea. Likazunguka, likarudi kwangu likiwa tupu, na nikaenda nalo jikoni haraka kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

Lakini ushindi wa namna hii hauji siku hiyo hiyo. Kirusi kile hakina haraka; kinangoja siku moja, hata mbili, ndipo kibishe hodi. Jumatatu nikakaa na simu mapajani. Kimya. Jioni ikafika, saa ileile ambayo mwezi uliopita ndoo ya dereva iliingia kwenye simu yangu. Kimya. Nikatuma "Habari za jioni, wapendwa" na picha ya ua. Nikaona wameisoma. Hakuna aliyejibu.

Mke wangu alikwenda kazini akiwa mzima, akarudi mzima. Binti yangu alikula pizza nzima. Hayo yalinipa moyo, lakini ule ukimya ulininyima usingizi. Watu hawa hawanyamazi. Mtu akipiga chafya Fisksätra, grupu zima linamwombea. Nikaanza kuwaona wote akilini, kila mmoja chooni kwake, wamepatana wasiniandikie ili wasiniumize. Nikamwona dereva amelala chali kwenye kiti cha basi. Nikatafuta kwenye simu umbali wa Hallonbergen hadi Jakobsberg kwa miguu, nikaona njia yenyewe, nikaizima simu.

Jumanne mchana sikuweza tena. Nikavuka ngazi kwa ndara zangu, hatua chache tu, nikagonga mlango wa mama wa Uvira. Alifungua akiwa na mwiko mkononi na simu imebanwa kati ya sikio na bega. Nyuma yake sufuria ilikuwa inachemka. Alinitazama kuanzia ndara hadi kichwani.

"Mama, samahani kukusumbua. Watu wananyamaza kwenye grupu. Kuna aliyeumwa?"

Akamwambia mtu kwenye simu, "Nitakupigia, yeye mwenyewe amefika." Akakata. Kumbe tangu Jumapili jioni walikuwa wamefungua grupu lingine, bila mimi, ili kila mtu aweze kusema ukweli wa tumbo lake bila kunionea huruma. Akanionyesha kidogo tu, kwa mbali, akikinga na kiganja. Niliona maneno mengi na nyuso nyingi za kucheka, na jina langu likirudiarudia.

"Mama, niambie tu," nikasema. "Nani ameugua?"

Akaweka simu kwenye mfuko wa kitenge, akaninyooshea mwiko.

"Batu bote bako wazima, papa, na mwezi ujao tutakuja tena kwako. Ila bugali nitapika mimi, yako ilikuwa mbichi."